Chuma Kisimguse Mumbere

Mkasi ulikuwa umechemshwa, umepoa, uko mkononi. Muuguzi Gracieuse alipiga magoti kando ya godoro, na mama mwenye nyumba, Katungu, alimmulikia kwa simu ingawa ilikuwa mchana, maana mvua ikishuka Bulengera, pale Butembo, nyumba inakuwa giza kama ndani ya gunia. Mtoto, mwanamume, alikuwa analia vizuri, kilio cha mtu anayedai chake. Kondo la nyuma lilikuwa limeshatoka, limelala ndani ya beseni dogo. Ilibaki kukata kitovu tu. Hapo ndipo Keren, mzazi mwenyewe, akaifunika ile kamba kwa kiganja chake.

— Hapana.

— Hapana nini, dada? Gracieuse aliuliza.

— Hapana kukata. Chuma haitagusa mutoto yangu.

Katungu alicheka. Uchungu huwachanganya wanawake wengine, alijisemea. Yeye mwenyewe, siku alipomzaa mwanawe Éliakim, alikuwa anaita mbuzi kwa jina la pasta. Akangoja mkwe wake arudiwe na akili. Lakini Keren hakutetemeka wala hakutoka jasho. Alimkazia muuguzi macho kama mtu anayemtazama askari kwenye barrière, kizuizi cha barabarani.

— Hii siyo panga, Gracieuse alisema polepole, akauficha mkasi nyuma ya goti. Ni makasi ya santé, ya hospitali. Nimeichemusha. Wewe mwenyewe umeona moshi.

— Chuma ni chuma.

Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Kwamba siku wauaji walipoingia kwao, mashambani upande wa Beni, yeye alilala chini ya majani ya kakao, na akasikia kila kitu ambacho panga lilifanya uani kwa baba yake. Kwamba akiwa pale, mdomo umejaa udongo, alimwambia Mungu: ukinitoa hapa, na nikizaa, chuma haitagusa mutoto yangu. Mungu alimtoa. Sasa ilikuwa zamu yake.

Mvua iligonga mabati. Gracieuse aliinamisha kichwa. Katungu hakuinamisha. Habari ya uani kwa baba yake Keren aliijua. Nani asiyejua, kati ya wale walioozesha kijana msichana wa upande ule? Ahadi hii ndiyo hakuwahi kuisikia, na aliposikia hakuiamini. Alikuwa na sababu.

Katika ukoo wa Katungu kulikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa, kitovu kinakatwa, na mama wa baba yake anachukua kondo, anakwenda kulizika chini ya mgomba wa nyumba. Halafu ananawa mikono, anarudi ndani, na ndipo kwa mara ya kwanza anampokea mtoto mikononi na kumwita jina, Mumbere kama ni mwanamume wa kwanza. Kabla ya hapo hambebi. Mtoto ambaye kondo lake bado liko juu ya ardhi ni mgeni tu, anaweza kuchukuliwa wakati wowote. Basi Katungu alikuwa mukaka, ndivyo wajukuu wa kule wanavyoita nyanya, na alikuwa hajamgusa mjukuu wake. Éliakim ndiye mtoto pekee aliyembakia. Mgomba aliuleta mwenyewe kutoka Vuhovi, chipukizi kichwani, na shimo alikuwa ameshalichimba tangu Keren alipoanza kushika kiuno.

Na kule Beni mjini aliishi mama mdogo wa Keren, jina lake Débora, mwanamke wa maneno mengi, mwenye uwanja na migomba yake pia. Débora alipiga simu kila Jumapili: mutakuja lini, mutoto atatuona lini. Kwa hiyo Katungu alipomsikia mkwe wake akisema "hapana kukata", akili yake ilikimbia moja kwa moja mpaka Beni. Wanataka kuliiba, aliwaza. Watamwacha mtoto na kondo lake mpaka mama apate nguvu, kisha watapanda gari, na kondo la mjukuu wangu litazikwa kwa Débora.

Gracieuse hakuwa mtu wa kushindana na mzazi. Alichukua uzi uliochemshwa, akafunga kitovu sehemu mbili, akaacha nafasi katikati. Akalifunika kondo kwa chumvi, akamwambia Keren aangalie kama mtoto anapata moto mwilini au kama kitovu kinakuwa chekundu. Ikiwa hivyo amwite mara moja, usiku na mchana. Akasema waziwazi kwamba hakupenda jambo hili, kwamba kondo litaoza na litaleta nzi, na kwamba kesho angerudi kumwomba tena. Kisha akamgeukia Katungu mlangoni, huku akivaa koti lake la mvua.

— Na wewe, mama, unisikilize. Hapana wembe. Hapana kisu ya jikoni. Kama siku moja itakatwa, ni katikati ya ile nyuzi mbili, na makasi imechemuka mpaka maji inaruka. Tena hapana kukata kama mama yake hajakubali.

— Mimi nimezaa mbele wewe hujazaliwa.

— Najua, mama. Ndiyo maana nakuambia.

Kesho yake Gracieuse alirudi, akaomba tena, akakataliwa tena. Nyumba ikaanza vita.

Silaha ya Katungu ilikuwa vitendawili. Alivipenda tangu utoto. Hata kwenye chorale ya wamama kanisani walimwogopa, maana angeweza kukuuliza kimoja katikati ya mazoezi, ukose usingizi wiki nzima. Sasa alivitega siku baada ya siku, kama mitego ya panya. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba, sufuria ya sombe, majani ya mhogo, kati ya miguu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

— Kitendawili!

Keren, ndani, aliendelea kunyonyesha. Jirani yao Séphora, aliyekuja kuona mtoto na akabaki kuona ugomvi, ndiye aliyejibu:

— Tega!

— Mugeni amefika na muzigo kichwani. Mwenyeji anamukataza kutua. Mugeni atafanya nini?

— Atachoka! Séphora alisema, akajifunika mdomo kwa kikwembe chake cha kitenge.

— Atachoka, na muzigo itanuka. Umepata. Nikupe kijiji gani?

— Unipe Beni, mama Éliakim!

Wakacheka wote wawili, na kile kicheko kilikuwa kibaya. Ndani, Keren alimgeuza mtoto kwenye ziwa lingine. Alikuwa amelihamisha kondo kwenye kikapu, chumvi chini, chumvi juu, na majani ya mkalitusi yaliyopondwa ili kuua harufu. Kikapu kilikaa ubavuni kwa mtoto kama ndugu mwingine. Akimnyonyesha, anakivuta. Akimgeuza, anakigeuza. Katungu aliona mambo hayo yote.

— Weye, alisema bila kitendawili sasa. Mbuzi peke yake njo inatembea na kamba. Umefunga mujukuu wangu kama mbuzi.

— Mama, utanisamehe. Mbuzi inafungwa na batu. Huyu hakufungwa na mutu.

— Unanifundisha?

— Hapana, mama.

— Bakufundishe kwenu basi!

Neno hilo lilipotoka, hata Séphora aliacha kucheka. Kwao Keren hapakuwa na wa kufundisha tena. Katungu alijua, na alitaka kulirudisha, lakini neno si sombe kwamba utalirudisha sufuriani. Badala yake alipandisha sauti zaidi.

— Kitendawili! Kamba haikusokotwa na mutu, haivutwi na mutu, lakini inavuta mutoto kutoka Butembo mpaka Beni!

Hakuna aliyesema "tega". Séphora alikumbuka moto wake jikoni, akaondoka.

Jioni ile Katungu alimpigia Éliakim. Kijana wake alifanya kazi Kasindi, kwenye mpaka, akisimamia mizigo ya wafanyabiashara forodhani, na malori yalikuwa yamemkwamisha tangu kabla mtoto hajazaliwa. Nyuma ya sauti yake zilisikika honi na watu wa kubadilisha pesa wakiitana.

— Mama, bako aje?

— Unaniuliza bako aje? Bibi yako amelala na kitu inaoza. Nzi ni mingi kuliko bageni. Pasta ameuliza kama tumeingia mu dini ya bachawi.

— Mama, tulia. Keren ameniambia yote. Tumesikilizana naye. Nakuja. Mbele nifike hapana kugusa kitu. Tumesema kwamba—

— Mumesikilizana! Donc mumesikilizana bawili, mimi ni nani? Ni mufagio? Basi muoze bote pamoja!

Akakata simu. Ilipolia tena aliitia chini ya mto. Alilala juu yake, akisikia jinsi inavyotetemeka chini ya sikio lake, na kila mtetemo ulimthibitishia jambo moja: mwanawe ameshatekwa. Kijana akimwogopa mkewe namna ile, kesho atapakia kikapu kwenye gari na kusema, mama, tunakwenda kusalimia tu.

Asubuhi jua lilitoka, jambo la nadra majira yale, na Keren akaomba maji ya moto ya kujikanda. Katungu alimpelekea mwenyewe, ndoo mbili, bila neno. Bafu lilikuwa nyuma ya nyumba, la mabati, na mwanamke aliyezaa hajikandi haraka.

Jikoni maji mengine yalikuwa yanachemka. Ndani yake kulikuwa na mkasi wa kushonea.

Tusimsingizie Katungu. Alifuata maneno ya Gracieuse neno kwa neno. Aliuacha mkasi uruke pamoja na maji. Aliutoa kwa kijiko, hakugusa makali. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Alitafuta nyuzi mbili, akaona nafasi katikati. Kitovu kilikuwa kimeshakauka, kimekuwa cheusi na kigumu kama uzi wa mgomba uliosahauliwa juani. Alikata. Hakuna damu iliyotoka. Mtoto hakuamka hata. Alivuta mdomo wake mdogo kana kwamba ananyonya ndotoni. Katungu alitazama uso ule, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ile moyo wake ulitua. Kumbe ilikuwa rahisi hivi. Siku zote hizi za kupigana, kumbe ilikuwa kitu cha kufumba na kufumbua.

Maneno yote ya Gracieuse aliyafuata, isipokuwa lile la mwisho.

Alikuwa ameshainua kikapu aliposikia ndala mlangoni. Keren alisimama pale, kikwembe kimefungwa kifuani, maji yanamtiririka shingoni. Alitazama mkasi. Alitazama kikapu. Alitazama tumbo la mtoto.

Kama angepiga kelele, Katungu angejua la kufanya; alikuwa ametayarisha majibu ya kelele. Keren hakupiga kelele.

— Umekata.

— Nimekata. Na mutoto hajalia hata kidogo. Nilichemusha, uulize sufuria. Angalia mwenyewe, iko salama.

— Éliakim iko njiani. Ametoka Kasindi asubuhi.

— Akuje. Ataona kama mama yake hakuua mutu.

— Alikuwa anakuja kukata.

Katungu alibaki na kikapu mkononi.

— Nani?

— Baba ya mutoto. Tulisikilizana juzi. Niliomba Mungu aniachilie ile ahadi, nikamuambia sababu: mu dunia yote kuko mutu mumoja tu ambaye naweza kuona na chuma karibu na mutoto yangu, nikabaki nimekaa. Mimi ningemubeba, Éliakim angekata. Kisha angekupa kikapu, uende kuzika.

— Kuzika wapi?

— Hapa. Ku mugomba yako. Ulifikiri wapi?

Nje jogoo wa Séphora aliwika bila sababu. Katungu alikishika kikapu kwa mikono miwili.

— Kwa nini hukuniambia?

— Uliniuliza? Keren alisema. Siku zote unanitegea vitendawili. Hata siku moja hukuniuliza kitu.

Akaja, akachukua kikapu kutoka mikononi mwa mama mkwe wake. Hakukinyang'anya, alikichukua tu, kama unavyochukua kitu chako kwa mtu aliyekiokota. Akaketi juu ya godoro, mtoto upande mmoja, kikapu upande mwingine, mgongo umegeukia mlango.

Éliakim alifika kabla ya adhuhuri, matope mpaka magotini, maana gari lao lilikuwa limesukumwa mara mbili. Aliingia chumbani kwanza. Katungu alimsubiri sebuleni akiwa amesimama, mikono kiunoni, akasikia sauti ndogo za watu wawili, halafu kilio cha mtoto. Mwanawe alipotoka alikuwa na wembe mpya mkononi, ungali ndani ya karatasi yake ya duka. Aliuweka juu ya meza.

— Mama, nilikuambia hapana kugusa kitu.

— Iko muzima ao haiko muzima?

— Iko muzima.

— Basi mashitaka ni gani? Uniambie! Nimeua? Nimeiba? Makasi haikuchemuka?

— Mama, alikuwa anaoga. Ulimungoya aende kuoga.

— Kwa sababu mulitaka kunipokonya! Wewe na yeye na ule Débora wenu! Mutoto ni wa hapa!

— Hakuna mutu alisema haiko wa hapa, Éliakim alisema, na sasa sauti yake ilipanda mpaka ikamshtua mwenyewe. Ni wewe peke yako ulikuwa unasema! Jirani bote banasikia: Beni, Beni, Beni. Sasa umepata. Tunaenda Beni.

Katungu alimpiga kofi. Hakuwahi kumpiga tangu alipovaa suruali ndefu. Éliakim, mkono shavuni, akatoka kwenda kutafuta gari.

Hakuna aliyemwomba Katungu asaidie kufunga mizigo, na hakusaidia. Alikaa jikoni akisikia sanduku likiburutwa. Mara mbili aliinuka aende kusema kitu. Mara mbili alirudi, kwa sababu kitu alichokuwa nacho kinywani kilikuwa bado ni hasira, na kingine hakikutaka kutoka. Badala ya yeye kunipigia magoti, aliwaza, mimi ndiye nimpigie? Mimi niliyepasha maji? Halafu aliona tena mgongo ule uliogeukia mlango.

Gari lilisimama barabarani, taxi kuukuu yenye kioo cha plastiki, tayari na abiria mmoja mbele. Keren alitoka akitembea polepole, mtoto kifuani, amefunikwa hata pua haionekani. Mkono mwingine ulibeba kikapu, kimefungwa ndani ya kikwembe safi chenye maua. Katungu alimfuata mpaka kando ya barabara. Ujeuri wake ulianza kuporomoka hapo, mbele ya mlango wa gari uliofunguliwa.

— Mpaka lini? aliuliza.

— Mpaka nitaweza kulala bila kuangalia mikono yako, mama.

— Nimubebe hata dakika moja. Sijamubeba. Unajua sijamubeba.

— Najua.

— Basi uniletee.

Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, jinsi mukaka anavyopaswa kumpokea mjukuu. Mikono ilikuwa safi. Harufu ya sabuni ilikuwa bado juu yake. Éliakim alitazama upande wa dereva. Keren aliitazama ile mikono muda mrefu, na Katungu alifikiri, kwa sekunde chache alifikiri kweli, kwamba itakuwa.

Keren akaweka juu yake kikapu kilichofungwa kikwembe.

— Hii njo ulikuwa unataka, alisema. Uizike vizuri.

Mlango uligongwa mara mbili ndipo ukashika. Gari likaondoka likirusha matope mekundu, likapita duka la mafuta, likapita motari, vijana wa pikipiki, waliokuwa wanangoja abiria, likachukua barabara ya Beni.

Katungu alisimama palepale. Séphora, aliyekuwa sokoni tangu asubuhi na hakujua lolote, alikuwa anapanda barabara na wamama watatu wa chorale, majani ya mboga vichwani. Walimwona mwenzao kando ya barabara, kitu kidogo kimefunikwa kikwembe cha maua, kimekumbatiwa kifuani. Wakaanza kupiga vigelegele toka mbali.

— Félicitations, mukaka! Leo amekupa! Leo umebeba!

— Mama Éliakim, tuone basi! Anafanana na nani?

Walikuja wakikimbia kidogo, wakicheka, mikono imeshanyooshwa. Katungu aligeuka mgongo, akakikumbatia kikapu kwa nguvu zaidi, na hakumruhusu yeyote kufunua.